Kitalu cha miche ya kubebesha Dodoma: fundi nyota 5, lebo nyota 1

Hii rivyu nimewaahidi watu tangu mwaka juzi nikawa naahirisha, sababu mche si chipsi kuku kwamba unakula leo na kuandika leo. Nilinunua Desemba 2021, na sasa ndo naona nina kitu cha kusema. Jina la kitalu silitaji maana sitaki ugomvi na mtu, kipo pembezoni mwa jiji, upande wa kutokea mjini, wa huku Dodoma wengine mtakijua wenyewe. Wa mbali soma tu, maswali nitakayoyasema yanakufaa kitalu chochote.

Shamba langu liko Bahi. Kwa wasiopajua, mvua ni milimita 500 na kitu kwa mwaka, na yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, tena hapo Februari inaweza kukata wiki tatu nzima mahindi yakajikunja kama sigara ndo irudi. Baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka mwisho wa mwaka. Nimehangaika na mahindi misimu miwili nikasema basi, napanda miti ya matunda inayojua jua, yaani mikunazi, mikwaju na mibuyu. Watu wa ofisini walinicheka, eti mbuyu nao unapandwa? Unapandwa bana.

Oda yangu ilikuwa mikunazi 36 ya kubebesha (yaani mche wa mbegu uliopachikwa kipande cha mti mwingine unaozaa), ile ya Kihindi yenye tunda kubwa, 5,000 kila mmoja. Mikwaju 10 kwa 6,000, mibuyu 4 kwa 12,000, na kirikuu ya kunipelekea mpaka Bahi 40,000. Jumla 328,000. Si hela ndogo, lakini mche wa kubebesha ukiwa wa kweli ina thamani yake, nitaeleza.

Nianze na uzuri sababu upo. Fundi wa pale ni kijana mmoja mpole sana, ana mikono ya ajabu. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia anafanya mikunazi. Anachukua mche wa mbegu wa kunazi ya porini, unene wa penseli, anaupangusa vumbi kwa shati lake, anachana gome kwa wembe umbo la herufi T, analifungua gome kwa kucha kama anafungua bahasha, anachomeka jicho, yaani kichipukizi kilicholala, alilolitoa kwenye tawi la mti mama, ule unaozaa tayari, anazungushia nailoni, jicho linabaki linachungulia tu. Haifiki dakika. Mikwaju yeye anatumia kikonyo, yaani kijiti cha tawi la mti mama, anakichonga kama kabari anakipachika kwenye mpasuko wa mche wa chini, anafunga, anavalisha kifuko cha ile nailoni ya barafu. Kati ya miche yote 50 niliyonunua hakuna hata mmoja ulioachia pale kwenye kiungo. Hata mmoja! Iliyokufa ni mikunazi mitatu, na hiyo ililiwa na mchwa, kosa langu mwenyewe nilichelewa kuweka dawa.

Sasa kwa nini kubebesha na sio kusia mbegu tu, maana kunazi ukitema kokwa mahali inaota yenyewe? Ni hivi. Mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, na baba humjui, nyuki au inzi ndo anamjua. Unaweza kula kunazi kubwa tamu ukapanda kokwa yake ukapata mti wa vitunda kama gololi, vichachu, vimejaa kokwa. Mkwaju ndo usiseme, unasubiri miaka saba mpaka kumi ndo ugundue umepanda mkwaju wa kukunja uso. Mbuyu wa mbegu unaweza ukastaafu hujaona ua. Mche wa kubebesha ni kipande cha mti ambao tayari unazaa na watu wameshaonja, kwa hiyo unajua unanunua nini na unazaa mapema, mkunazi kuanzia mwaka wa kwanza au wa pili, mkwaju wa tatu au wa nne. Ndo maana tunalipa 5,000 badala ya 500.

Lakini hapo hapo ndo kuna mtego, na huu kitalu hakikuniambia, na mi nilikuwa sijui.

Kabla sijafika kwenye mtego nimalizie makosa madogo. Viriba vyao ni vifupi, vile vya miche ya mipapai. Miti ya ukame kazi yake ya kwanza ikiota ni kushusha mzizi, majani baadaye. Nilipochana kiriba cha mbuyu wa kwanza nilikuta mzizi umenenepa kama karoti, umefika chini umekosa pa kwenda, umejikunja ukarudi juu ukawa kama ndoano. Mikunazi kadhaa nayo ilikuwa na mizizi imejisokota chini. Mti wa namna hiyo juu unaonekana mzima, majani yanang'aa, ila Agosti ikifika hauna mzizi ulioshuka kufuata unyevu. Nilikata ile ndoano kwa kisu kikali nikapanda hivyo hivyo, nikamwagilia mwaka mzima ndoo moja kwa wiki kila mche, maji ya kununua. Gharama hiyo wangeiepusha kwa kiriba kirefu tu, ambacho hakizidi bei ya peremende.

Pia hawakunikumbusha kutoa nailoni. Mwezi wa 4 napita shambani naona mkunazi mmoja umebana pale kwenye kiungo kama shingo ya chupa, nailoni imezama ndani ya gome. Nilikesha na wembe, mmoja mmoja. Afu kuna machipukizi yanayotoka chini ya kiungo. Hayo ni ya ule mche wa porini, na yana nguvu kuliko jicho lililobebeshwa, ukiyaacha miezi miwili yanakula mti wote na unabaki na kunazi ya porini uliyolipia bei ya Kihindi. Jirani yangu wa upande wa pili imemtokea hivyo na mpaka leo anasema alitapeliwa. Hakutapeliwa, hakukata machipukizi. Lakini nani alimwambia akate? Karatasi moja tu ya maelekezo, hata ya kuandika kwa mkono, hawana.

Haya, mtego.

Nilipooda nilisema nataka aina tatu, sababu nilisoma kwamba India wana aina nyingi za kunazi, Gola inawahi kuiva na ni ya duara, Seb inafuata, Umran inachelewa na imerefuka. Nikapiga hesabu yangu ya mfanyabiashara, nikipanda zote tatu nitauza muda mrefu badala ya wiki tatu. Wakasema zipo. Wakanipangia, kila kiriba kina kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu ya mafuta, 12, 12, 12. Nikapanda mistari miwili kando ya mpaka, mita tano tano, kuanzia korongoni mpaka barabarani, kama mita 85 hivi.

2022 yalitoka maua machache nikayapuuza, miti bado midogo. 2023 mwezi wa 3 jamani maua! Mkunazi ukichanua si mti wa kupigia picha, vimaua vyenyewe vidogo vya kijanikijani na vina harufu ya ajabu, ila inzi walikuwa wanavuma kama kuna msiba wa samaki. Nikaanza kuhesabu hela kichwani. Wiki tatu baadaye nakuta chini kumekuwa kapeti la maua makavu na juu hamna kitu. Sasa mkunazi hata ukiwa mzima unaangusha maua mengi sana, hiyo ni tabia yake, lakini hii ilikuwa kupita kiasi. Nikalaumu mvua, nikalaumu upepo, nikanunua mbolea ya maji ya kupuliza kwenye majani, hela imeenda.

Ila kilichonichanganya ni kwamba haikuwa sawa shamba zima. Miti mitano ya kule korongoni ilizaa vizuri tu, ndoo mbili za lita kumi. Katikati kidogo kidogo. Huku barabarani mti mzima una kunazi tisa, nimehesabu kwa kidole. Na udongo ni ule ule, kwanza huku barabarani ndo mwanangu anamwagilia sana sababu bomba liko karibu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa pale kijijini, anachunga ng'ombe korongoni. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi yangu ya kubabaisha, akacheka, akasimama kuangalia miti. Alichofanya alichuma jani huku, akatembea akachuma jani kule, akachuma tunda la huku na la kule, akayaweka kwenye kiganja. Akaniambia, "Mwanangu, huu ni mti mmoja. Umeukata vipande thelathini na kitu ukavichomeka." Nikamwonyesha vikaratasi, akasema yeye hajui kusoma ila anajua mikunazi. Kweli, nikaangalia vizuri, jani lile lile, mwiba ule ule, tunda lile lile la yai, na zote ziliiva wiki moja. Gola ya duara iko wapi? Hamna.

Akanionyesha korongoni. Kuna mikunazi ya asili kama sita, vitunda vidogo, kila mmoja na sura yake. Miti yangu iliyozaa ni ile iliyo jirani na hiyo.

Nikaenda kusoma sasa kwa hasira. Aina nyingi za mkunazi haziwezi kujichavusha. Yaani chavua ya ua ikitua kwenye ua la mti huo huo haifanyi kitu, inataka chavua ya mkunazi mwingine wenye vinasaba tofauti. Na miti yote iliyobebeshwa kutoka mti mama mmoja, kwa macho ya ua, ni mti huo huo mmoja, hata ukipanda mia tano. Kwa hiyo mi nilikuwa na maharusi thelathini na tatu, bwana harusi hamna, na waliobahatika ni waliokaa karibu na vijana wa korongoni.

Nikarudi kitaluni na vikaratasi vyangu kwenye pochi. Mwenyewe hakuwepo, yupo fundi. Sikumfokea, nilimuuliza tu, "Mdogo wangu, nionyeshe miti mama." Akanyamaza. Afu akasema, "Dada, nikudanganye?" Akanipeleka nyuma ya stoo. Mti mmoja. Mkunazi mmoja mkubwa, umekatwakatwa matawi ya kuchukulia macho mpaka unaonekana kama umenyolewa na mtu aliyelewa. Ile miwili mingine ilikufa zamani, lebo zikaendelea kuandikwa. Yeye anaambiwa andika, anaandika.

Hapa ndo ninapowakata nyota. Sio kwamba kubebesha kutoka mti mmoja ni dhambi, ukitaka miche miwili mitatu ya kupanda uani na jirani ana mkunazi wake, haina shida. Shida ni kumuuzia mtu shamba zima na kumwandikia aina tatu. Na si uchavushaji tu. Miti ikiwa nakala ya mmoja, ugonjwa ukimweza mmoja umewaweza wote, siku ile ile. Wenzetu wa korosho wameishi na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, mpaka wamejifunza, nenda kituo cha utafiti cha Naliendele kule Mtwara uone, wana klonu nyingi (klonu ni nakala za mti mama mmoja) zenye namba zake, AC4, AC10 na wenzake, na kuna bustani zinazochanganya klonu kadhaa kwa makusudi ili mbegu zake ziwe na mchanganyiko. Kule Niger nako walisambaza sana kunazi ya kubebesha wakaipa jina la tufaa la Saheli, ikapendwa. Ni mti wa maana. Ndo maana inauma ukiuziwa kihuni.

Mikwaju kwa haraka: kumi yote hai, minne imeshabeba ukwaju mwaka huu, mtamu mchachu wa kawaida, nyama nene, sina neno. Nimeuliza mti mama safari hii, ni wa Mpwapwa kwa ndugu wa mwenye kitalu, na fundi mwenyewe ndo anaenda kukata vikonyo. Naamini maana nimeonja ukwaju wa huko kwake na ni ule ule.

Mibuyu ni hadithi. Kwanza ulipoanza kuchipua watu wakaniambia umeuziwa mti mwingine, sababu majani yake ya mwanzo yalikuwa ya jani moja moja, hayajagawanyika kama vidole. Msihofu, mbuyu mdogo ndo ulivyo, vidole vinakuja baadaye. Waliniambia utachanua miaka mitatu. Wapi. Huu ni mwaka wa nne unakaribia, umenenepa kiuno umekaa kimya. Waliosomea wanasema wa kubebesha unaweza kufika miaka mitano hivi hata ukihudumiwa, kwa hiyo nampa muda, ila mtu asikuahidi mitatu kamili ili ufungue pochi. Wakaniambia pia vikonyo ni vya mbuyu jike. Hii ya jike na dume wazee wanaisema sana na wana sababu yao, ipo mibuyu inayochanua kila mwaka na haizai, lakini ua la mbuyu lina vyote viwili, la kike na la kiume, na usiku popo ndo anabeba chavua. Mbuyu nao haupendi chavua yake mwenyewe. Mi yangu minne ni ya mti mama mmoja vile vile, lakini Bahi mibuyu haikosekani na popo hajui mipaka ya viwanja, kwa hiyo hapo sina presha. Kilichonifurahisha ni kwamba walichagua mti mama kwa kuonja unga. Kila mbuyu una ladha yake, muulize mama yeyote anayetengeneza ubuyu wa rangi atakwambia wa kule mchachu safi, wa hapa maji maji.

Sasa huduma baada ya mauzo, na hapa wamejitahidi. Nilipompata mwenyewe kwa simu alianza kujitetea, oh wateja wengine hawajalalamika. Nikamwambia wateja wengine wana mikunazi ya korongoni. Akacheka, tukaelewana. Hela hakurudisha. Alimtuma fundi Bahi bure, mi nikagharamia nauli na chakula. Novemba 2023 tukakata mti mmoja katika kila mitano, kiunoni, kwa msumeno, roho inaniuma. Machipukizi mapya yalipotoka Januari fundi akaja kuyabebesha. Macho ya aina ya pili nilitafuta mwenyewe, rafiki yangu wa Tanga ana mkunazi wa tunda la duara, akakata vijiti, akaondoa majani akabakiza vikonyo vya majani tu, akafunga na gazeti bichi ndani ya nailoni, vikaja na basi la usiku. Na macho ya aina ya tatu yametoka korongoni. Yule mzee alituonyesha mkunazi mmoja, tunda dogo lakini tamu kuliko la Kihindi, watoto wanaugombania. Fundi alinishangaa, "Dada, hii si ndo tunayoitumia mche wa chini? Unataka iwe juu?" Nikamwambia weka juu. Hajawahi kubebesha ya asili maisha yake yote, kumbe mti wenye sifa ulikuwa unapitwa na ng'ombe.

Mwaka huu huku barabarani nimechuma ndoo nne. Bado korongoni wanaongoza.

Kwa hiyo alama. Ufundi 5. Afya ya miche juu ya ardhi 4, chini ya ardhi 2 kwa sababu ya viriba. Bei 3, si ghali si rahisi. Lebo 1, na hiyo 1 ni ya mwandiko. Jumla nawapa 3, na nitarudi kununua mikwaju, mikunazi hapana mpaka nione miti mama mitatu imesimama. Ukienda omba uonyeshwe mti mama kabla hujatoa hela, asiyetaka kukuonyesha achana naye. Chana kiriba kimoja utazame mzizi, ukishajitolea kununua hamsini hawawezi kukukatalia. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, fundi mchana hayupo, na yule dada wa risiti hajui mkunazi na mkwaju. Mbwa amefungwa, anabweka tu.

Halafu siku ile narudi na vikaratasi vyangu, fundi alinipa miche minne bure, imeota yenyewe chini ya meza yao, kokwa za kunazi walizokuwa wanakula wakatema. Baba hajulikani. Nimeipanda karibu na simtanki. Mitatu bado, mmoja umezaa mwezi wa 7 tunda la ukubwa wa limao dogo, ngozi ngumu, ndani linanukia, lakini chachu hiyo! Mama yangu kaonja kafumba jicho moja, kisha kaomba lingine na chumvi.